Mdudu Hangoji Mkutano

Tulimwita Bwana Wadudu, na mwanzoni hakulipenda jina hilo. Cheo chake, kama alivyokitaja kila alipopata watu wa kumsikiliza, kilikuwa Afisa wa Kinga ya Pamba. Lakini kwenye mashamba yetu ya kumwagilia, kando ya mto Turkwel, nje kidogo ya Lodwar, hatukuwa na muda wa cheo kirefu namna hiyo. Aliyetibu mbuzi tulimwita daktari, aliyefungua mifereji tulimwita bwana maji, na huyu kazi yake ilikuwa wadudu. Baada ya miezi michache alisalimu amri. Akipiga simu ofisini alikuwa afisa, akibisha hodi kwetu alisema, "Ni mimi, Bwana Wadudu."

Sijui alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Alitoka Kenya, kama tunavyosema sisi Waturkana tukimaanisha kote huko chini ukishapita Kitale, na hilo lilitutosha. Nina hasira naye. Nalisema mapema, kwa sababu katika haya nitakayoyasimulia kuna mengine yatakayokufanya umpende, nami nilimpenda pia, na sikufaidika kitu.

Alivaa shati jeupe kila siku ya kazi. Mahali ambapo upepo wa mchana hutia mchanga mpaka kwenye sufuria iliyofunikwa, yeye alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, na chini yake buti za mpira zilizofika magotini, kwenye joto lile lile lililokuwa likitutembeza sisi na ndara. Wanawake walisema miguu yake lazima imeiva, imebaki kutiwa chumvi tu. Shingoni alining'iniza kioo cha kukuzia kwa kamba ya kiatu. Mfukoni alikuwa na chupa ya jemu yenye kifuniko kilichotobolewa, na ndani ya chupa walikuwemo wadudu wa siku hiyo. Hakuchagua mahali pa kuwatoa. Aliwatoa kwenye baraza ya chifu, aliwatoa kanisani baada ya ibada, na siku moja aliwatoa kwenye matanga ya jirani yetu, akampitishia mfiwa kangambili wekundu walioshikana matako kwa matako, akamweleza wanavyochafua nyuzi za pamba. Mfiwa aliitazama chupa kwa adabu akasema asante.

Alizungumza na wadudu. Akifungua kitumba cha pamba na kumkuta funza amejikunja ndani, alisema, "Karibu, mheshimiwa." Alitufundisha kwamba funza yule hali kitumba kimoja akashiba. Hutoboa, hula kidogo, hukiacha kioze, halafu huhamia kingine. "Kama mheshimiwa mwingine yeyote," alisema, akacheka peke yake, kisha akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu wa ofisini aliyesikia.

Misemo alikuwa nayo ya kutosha kujaza gunia, na karibu yote ilimhusu mdudu. "Mdudu hajui Jumapili." "Mdudu hasomi lakini anaijua kalenda." Ule alioupenda kuliko yote ulikuwa "Mdudu hangoji mkutano." Aliusema kwa sauti yake nzito, akivuta neno la mwisho, kila alipokuta wakulima wamekaa kivulini wakijadiliana. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe aliita mikutano kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua.

Mpango wenyewe wa pamba ulizinduliwa kwa mkutano. Ulikuja msafara wa magari kutoka Nairobi, zikasimamishwa hema, tukagawiwa fulana zilizoandikwa kuwa pamba ni maisha. Walisema serikali itatoa mbegu, itatoa dawa ya kuua wadudu, itatoa mabomba ya mgongoni ya kunyunyizia, na itatoa afisa wa kukaa nasi. Yeye alisimama nyuma ya waheshimiwa na shati lake jeupe, akishika chupa yake. Ile fulana ninayo bado, napangusia cherehani. Leo mimi ni fundi wa nguo na vidole vyangu vinajua vitambaa, kwa hiyo naweza kusema kwa uhakika kwamba fulana ile haina hata uzi mmoja wa pamba.

Mtu wa kwanza kumwamini alikuwa mama yangu.

Mama alikuwa mjane mwenye kipande cha shamba, kundi dogo la mbuzi na mtoto mmoja, ambaye ni mimi. Mbuzi ndio walionisomesha. Hakuwa na kaka wala mtoto wa kiume wa kuchunga, kwa hiyo mbuzi wetu walizunguka karibu na nyumba, wakila walichopata. Bwana Wadudu alipokuja na ubao wake, mama aliupokea kama watu wanavyopokea Biblia. Ulikuwa ubao mdogo wenye matundu, pamoja na vijiti. Ukitembea shambani ukapindua majani, kila ukimwona funza unasogeza kijiti hiki, ukiona kidukari unasogeza kile. Kijiti kikifika kwenye mstari mwekundu, ndipo unaruhusiwa kunyunyiza dawa. Kikiwa hakijafika, huruhusiwi, hata kama mkono unakuwasha. Hakuna kusoma wala kuandika.

Wengine waliufikia mstari kwa vijiti vya uongo ili wapewe dawa haraka. Mama hakufanya hivyo hata siku moja. Aliamka kabla jua halijawa kali, akaingia kwenye mistari ya pamba, akageuza majani polepole, midomo ikienda. Bwana Wadudu akija alikuwa anaanzia kwake. Walikaa chini ya kibanda chetu cha makuti ya mkoma, ubao katikati yao, wakizungumza kuhusu funza kwa namna watu wengine wanavyozungumza kuhusu majirani.

"Ejok, Mama Akiru. Mheshimiwa ameamkaje?"

"Ejok noi. Leo yeye iko kidogo. Jana ilikuwa nakula sana upande ya mfereji."

"Umenyunyiza?"

"Mstari bado. Wewe ulisema mstari."

Hapo uso wa Bwana Wadudu ulifunguka. Nadhani hakuwahi, popote alipofanya kazi, kupata mtu aliyemsikiliza hivyo. Aliwaambia wageni wa ofisini kuwa mkulima bora wa mpango mzima ni Mama Akiru, na wageni wakampiga mama picha akiwa ameinua ubao. Mama hakupata kuiona picha hiyo.

Nyama ya mbuzi aliipenda, mbuzi mwenyewe alimchukia. Alikula nyama ya kuchoma kwa vidole vyote, akafyonza mfupa mpaka ukalia, halafu akasimama kumfukuza ndugu wa yule aliyemla, kwa kofia, kwa mawe, kwa matusi ya kwao ambayo hatukuyaelewa. Mbuzi akivuka ua wa miiba na kutia mdomo kwenye pamba, Bwana Wadudu alipiga kelele utadhani ameona chui. Watu walimcheka. Mzee Lokwang, jirani yetu, alimwambia usoni, "Afisa, wewe nakimbiza mbuzi kama fisi, lakini fisi angalau nakula yeye mbichi."

Lakini kuna siku mwanamke mmoja wa upande wa juu aliona dawa ya pamba inaua kila kitu chenye miguu mingi, akaona kupe nao wana miguu mingi, akawaosha mbuzi wake kwa dawa ile. Ni kosa ambalo mtu wa mifugo angelifanya na mtu wa pamba asingeliwaza. Habari ilipomfikia Bwana Wadudu alikimbia na buti zake zile, kutoka barabarani mpaka kwa yule mwanamke, akawashusha mbuzi mtoni mmoja mmoja, akawasugua kwa sabuni yake ya kuogea. Shati jeupe likawa la kijani. Mbuzi wawili walikufa mikononi mwake, waliobaki wakapona, na jioni tulimkuta amekaa kwenye mchanga akiwatazama wanavyopumua. Baada ya hapo alipita nyumba kwa nyumba, siku nyingi, akionya. Na dawa haikuuzwa kwa mlango wa nyuma muda wote alioshika funguo za stoo, jambo ambalo katika Lodwar lilisemwa kwa mshangao.

Kwa hiyo tulipokuwa tukimwamini, hatukuwa wajinga. Nataka hilo lieleweke.

Sasa nije kwenye moto.

Katika kazi yake kulikuwa na sheria moja aliyoiheshimu kuliko amri za Mungu. Pamba ikishavunwa, miti yote ing'olewe na ichomwe, majani, vitumba vilivyokauka, kila kitu, shamba libaki tupu. Usipofanya hivyo, wadudu hulala humo na kuamka na msimu mpya wakiwa wengi kuliko mwanzo. Misimu ya kwanza hatukuona tabu. Mvua zilikuwa zimepita vizuri, mbuzi walikuwa na nyasi, tulichoma na watoto wakaruka ruka kando ya moto.

Msimu wa mwisho haukuwa hivyo. Mvua ilikataa, ikakataa tena. Wenye vijana walihamisha mifugo upande wa Namoruputh, karibu na Uganda, na sisi tusio na vijana tulibaki na mbuzi waliokuwa wakila maboksi. Nilimwona mbuzi wetu mmoja akitafuna mfuko wa saruji. Mahali pekee palipokuwa na kijani, ukiondoa vichaka vya mathenge ambayo maganda yake huwaozesha mbuzi meno, palikuwa ndani ya ua wa mashamba: miti ya pamba, imeshavunwa, bado ina majani na vitumba vichanga. Dawa ya mwisho ilikuwa imenyunyizwa zamani. Kila mtu mwenye mbuzi alikuwa akiitazama miti ile.

Bwana Wadudu akaita mkutano. Chifu alikuwepo, na askari wawili. Akasema tarehe ya kuchoma imefika na haitasogezwa. Watu walinung'unika. Mama alisimama. Hakuwa na desturi ya kusimama mbele ya wanaume.

"Afisa, wacha mbuzi ikule majani kwanza," alisema. "Ikimaliza majani, sisi nang'oa hiyo mti yote, nachoma. Mimi mwenyewe nachoma."

"Mama Akiru, mbuzi akiingia anaangusha vitumba, na mdudu ndio humo analala. Mimi na wewe tumesogeza vijiti mwaka mzima. Unataka tumfugie?"

"Na mbuzi ikikufa?"

"Msimu ujao pamba itakununulia mbuzi wengine." Aliwageukia wote. "Asiyechoma, msimu ujao hapati mbegu, hapati dawa. Si mimi nasema. Ni mpango. Mdudu hangoji mkutano."

Mzee Lokwang alimjibu kuwa mbuzi pia hangoji, na watu wakacheka bila furaha.

Jioni ile alikuja nyumbani. Hakukaa. Alisimama mlangoni pa kibanda akizungusha chupa mkononi, na chupa, nakumbuka, ilikuwa tupu. Alimwomba mama awe wa kwanza kuchoma. "Wakikuona wewe, wengine watafuata. Nifanyie hilo." Mama akamuuliza kitu kimoja tu: "Msimu nakuja, kweli?" Akajibu, "Mama Akiru, nimewahi kukudanganya?"

Mama alichoma. Tuling'oa miti pamoja, tukairundika katikati ya shamba, naye akatia kiberiti. Pamba yenye majani mabichi haiwaki vizuri, hutoa moshi mzito unaokaa chini. Mbuzi walikuwa wamefungwa nje ya ua, wameingiza pua kwenye miiba kuelekea harufu ile, wakilia. Mama alisimama karibu na moto mpaka mwisho, kama alivyofundishwa, ili kitumba kisibaki. Kila kilichobingirika nje alikirudisha kwa mguu. Bwana Wadudu alisimama upande wa pili wa moshi na shati lake jeupe, akasema, "Safi, Mama Akiru. Safi kabisa." Wengine wakafuata, kama alivyosema.

Isipokuwa Mzee Lokwang. Yeye aling'oa miti yake, akaibeba nyuma ya vichaka vya mikoma, na shambani akachoma rundo la makuti makavu. Moshi ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote. Bwana Wadudu aliuona kutoka mbali akausifu.

Wiki zilizofuata mbuzi wetu walikufa. Sitaki kuwaeleza mmoja mmoja. Mama alichuna ngozi mpaka akaona hata ngozi hazina maana. Alibaki jike mmoja aliyekuwa hawezi kusimama, tukawa tunamwinua asubuhi na kumuegemeza ukutani, na siku moja tulimwinua akiwa amekwisha kufa. Wa Mzee Lokwang walikula miti ya pamba nyuma ya vichaka mpaka mvua ikanyesha. Leo ana kundi kubwa, anauzia wafanyabiashara wanaopeleka mifugo Lokichoggio, na akinikuta ananiuliza kwa heshima hali ya mama. Hana kosa. Mtiifu ndiye aliyefilisika.

Mvua ilinyesha. Mama alisafisha mfereji, akapangusa ubao, akangoja mbegu. Mbegu haikuja. Likaja lori, likapakia mabomba yote na madumu yaliyobaki, na vijana waliopakia hawakujua yanakwenda wapi. Stoo ikafungwa. Mashine ya kuvuta maji iliharibika na hakuna aliyeulizwa. Bwana Wadudu alikuwa ameshaondoka, tulisikia, kwa basi la alfajiri, bila kuaga. Mwenye nyumba wake alionyesha buti za mpira zilizobaki mlangoni, zimesimama wima.

Bila mbuzi hakukuwa na karo. Niliacha shule. Mama alisikia Kakuma, penye kambi ya wakimbizi, kuna kazi, tukaenda, na kazi yenyewe ilikuwa kufua. Mama yangu, mkulima bora wa mpango mzima, akawa anaingia kambini asubuhi kufulia nguo wenye maduka, Wasomali, Wakongo, watu wa Sudan Kusini, akilipwa mara pesa, mara unga. Wengi ni watu wema. Lakini wao ni wakimbizi waliokimbia vita, na yeye alikuwa akijiuliza, kwa sauti, ni nini kilichomkimbiza yeye kwenye nchi yake.

Hata hivyo hakumlaumu Bwana Wadudu. Kila mwaka, miezi ile ya kuchoma ikifika, alilileta neno mwenyewe. "Hakujua," aliniambia kwa Kiturkana. "Angejua msimu hauji, angetuachia mbuzi wale. Walimdanganya na yeye." Ubao aliuleta Kakuma, akautundika juu ya kitanda. Nilipomwambia kuwa mtu wa ofisi lazima alijua, alinipa mgongo akaanza kupangusa vijiti vya ubao kimoja kimoja. Nikaelewa kuwa swali lile ndilo lililobaki katika mali yake. Ikiwa hakujua, basi mama aliponzwa pamoja na rafiki. Ikiwa alijua, basi rafiki alimtumia, na yeye ndiye aliyewavuta majirani wote kwenye moto. Nikaacha kubishana. Lakini nilitaka kujua. Nilitaka kama mtu anavyotaka maji.

Mimi nilijifunza cherehani kwa Mama Neema, Mkongo anayeshona kitenge vizuri kuliko fundi yeyote wa Kakuma, na sasa tunakaa kibanda kimoja sokoni. Mwaka huu, siku moja ya jua kali, nilikuwa natia uzi nikasikia kipaza sauti kikija upande wetu. Wauzaji hawa wapo wengi. Sauti zao zimerekodiwa, zinajirudia: kunguni, mende, viroboto, panya, papasi. Sikuinua kichwa. Halafu sauti ikasema, nzito, ikivuta neno la mwisho, "Mdudu hangoji mkutanooo!" Sindano ilinichoma.

Shati lilikuwa bado jeupe, kola imeliwa. Buti hakuwa nazo, alivaa ndara kama sisi. Kifuani alikuwa na sinia la pakiti ndogo za unga, na kando ya pakiti hizo, ile chupa ya jemu, ndani yake kunguni wa maonyesho.

"Ule muzee," Mama Neema alininong'oneza, "usinunue kwake. Nilinunuaka ile dawa. Ni bunga tu, ya ugali. Kunguni zinaikulaka, zinanona."

Nilimwita. "Bwana Wadudu."

Alisimama. Alizima kipaza sauti. Alinitazama kwa muda mrefu, na nilimwona akipita kwenye nyuso zote alizowahi kuzijua mpaka akafika kwangu.

"Akiru," alisema. "Mama yuko?"

Sikumpa kiti. Nilimuuliza hapo hapo, jua likituwaka, bila salamu. "Mwaka ule wa kuchoma. Ulijua kuwa msimu hauji?"

Nilitegemea akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa kukana. Alipangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Nilipigiwa simu asubuhi ya mkutano," alisema. "Wakaniambia mpango umefungwa. Funga stoo, ngoja gari."

"Asubuhi. Halafu jioni ukaja kwetu."

"Nikaja."

"Kwa nini?"

Aliyatafuta maneno kama mtu asiyewahi kuulizwa. "Ningewaambia nini? Kwamba mimi si kitu tena? Kazi iliyobaki ilikuwa ile tu, kuchoma. Nilitaka angalau niimalize vizuri." Akaongeza, kwa sauti ya chini, "Na mama yako alichoma vizuri. Sijaona shamba limechomwa vizuri hivyo."

Mama Neema aliacha kukanyaga cherehani. Mimi nilikuwa na mkasi mkononi na niliuweka mezani, kwa sababu niliona ni bora uwe mezani. Nilimwambia aende akamwambie mama maneno yale yale, kwa mdomo wake, asibadilishe hata moja. Alikubali. Alisema, "Ni haki yake." Tukaenda, yeye mbele na sinia lake, mimi nyuma, kama namchunga.

Mama alikuwa amerudi kutoka kufua, mikono bado imekunjamana kwa sabuni. Alipomwona alipiga kelele ya furaha ambayo sikuwahi kuisikia tangu tuondoke mtoni. Alimshika mikono yote miwili. Alimkalisha kwenye kitanda, maana kiti hatuna, akanituma maziwa ya chai, akakataa niende, akaenda mwenyewe. Aliporudi aliushusha ubao ukutani akampa.

"Angalia. Kijiti yote iko. Hakuna moja ilipotea."

Bwana Wadudu aliushika ubao. Alisogeza kijiti kimoja, akakirudisha. Nilisimama mlangoni nikimkodolea macho. Alinywa chai. Mama alimuuliza habari za kwake, akasema mke aliondoka, ofisi haikumwita tena, alizunguka miji mingi, sasa anasaidia watu na kunguni. Mama alisema pole, akamwongezea chai. Nilimwona mgeni wetu anafungua mdomo, mara mbili tatu niliona, na kila mara alipofungua mama alikuwa anamtazama kwa uso ule wa zamani, uso wa chini ya kibanda cha makuti.

"Mama Akiru," alisema mwishowe, "mwaka ule ulichoma vizuri kuliko wote."

Mama alicheka akaficha meno kwa kiganja, kama msichana.

Basi. Alisimama, akamwachia pakiti moja ya unga, zawadi, akamweleza namna ya kutumia: toa matandiko yote nje, nyunyiza kwenye nyufa, funga mlango na dirisha kutwa nzima, usifagie mpaka kesho. Alipopita karibu nami mlangoni hakuniangalia. Kipaza sauti hakukiwasha mpaka alipofika mbali, lakini nilikisikia.

"Umeona?" mama aliniambia kwa Kiturkana, akiutundika ubao. "Mtu aliyejua asingekuja kunywa chai yangu."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nilimtazama, uso wake umeng'aa hivyo, mikono imekunjamana hivyo, na nikachukua vikombe nikaenda kuviosha. Nililia huko kwenye karai, kwa hasira, si kwa huzuni.

Kesho yake mama hakwenda kufua. Alitoa matandiko yote nje, akanyunyiza unga kwenye kila ufa, akafunga mlango na dirisha, akakaa nje kwenye jua kutwa nzima, akilinda nyumba asiingie mtu. Hakufagia mpaka siku ya pili. Wiki haikwisha, kunguni walikuwa pale pale, wengi kama zamani. Nilimwona amepiga magoti kando ya kitanda na pakiti tupu, anaipindua, anachungulia nyufa moja baada ya nyingine.

"Nitakuwa nimekosea mahali," alisema.